Kabla Hujakata Springi

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa gereji ya Gerezani, Dar es Salaam, nikisubiri bushi zangu zikandamizwe kwenye presi, alipoingia kijana na Vitz nyeupe ya kizazi cha pili. Akaamkia, akapokewa, akasema haja yake bila kuzunguka: springi zikatwe, mbele koili moja na nusu, nyuma moja, gari lilale chini. Mwezi unaofuata alikuwa na mbio za kushindana na saa kwenye eneo lililofungwa, na baada ya hapo safari ya kwenda kwao Iringa kwa gari hilo hilo.

Fundi, mtu mzima mwenye sugu kwenye viganja, hakugusa springi. Alifungua boneti, akazungusha kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kipande cha karatasi nyeupe na kumwonyesha. Karatasi ilitoka na rangi ya kahawa iliyokaa jikoni tangu alfajiri.

“Mdogo wangu, haya mafuta umebadilisha lini?”

“Sijabadilisha, fundi. Gari nimeinunua hivi hivi.”

“Basi tuanzie hapa. Springi tutazungumza baadaye.”

Kwangu mimi jibu lile lina suala zima ndani yake. Gari dogo hutoka kiwandani na akiba mbili ambazo dereva wa mbio huzimaliza mapema kuliko anavyodhani. Moja ni akiba ya joto, yaani kiasi cha joto ambacho breki zinaweza kumeza kabla hazijachoka. Nyingine ni akiba ya nafasi, zile milimita chache ambazo gurudumu linaweza kupanda kabla springi haijafika mwisho wake. Kila kifaa utakachonunua kitaongeza mojawapo ya akiba hizi au kitaila. Kukata springi, jambo la kwanza linalowajia vijana wengi kichwani, kunaila akiba ya pili na hakuisaidii ya kwanza hata kidogo.

Tuanze na joto, na tuitumie Vitz ya yule kijana. Ikiwa na dereva na petroli ndani, tuipe uzito wa kilo 1,100. Kuisimamisha kutoka kilomita 60 kwa saa ni kugeuza kilojuli 153 za mwendo kuwa joto. Kutoka kilomita 120 ni kilojuli 611: mwendo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Gari likifunga breki uzito hulalia mbele, kwa hiyo robo tatu ya kazi hiyo, pengine zaidi, hufanywa na diski mbili za mbele. Ikiwa kila diski ina kilo 4 za chuma, kusimama mara moja kutoka 120 kunazipandisha joto kwa karibu nyuzi 125. Upepo huondoa sehemu ya joto hilo, lakini upepo unahitaji muda, na uwanja wa mbio hautoi muda. Unatoka kona, unakanyaga mafuta, unafunga breki, unaingia kona nyingine. Mizunguko mitatu au minne ya namna hiyo inatosha kuzifikisha diski za gari la kawaida kwenye nyuzi 400 na kuzidi.

Chuma chenyewe hakiyumbi kwenye joto hilo. Vinavyoyumba ni pedi na mafuta, na kila kimoja kina dalili yake. Dereva azijue dalili hizi mwilini kabla ya kununua chochote. Pedi ikizidiwa, pedeli hubaki ngumu mguuni kama kawaida lakini gari halisimami. Unaongeza nguvu, nalo linaendelea kuteleza mbele kama limepakwa sabuni. Mafuta yakichemka, pedeli yenyewe huzama. Mguu unakwenda chini, unakwenda tena, na chini hakuna kitu. Aliyepatwa na la kwanza anahitaji pedi. Aliyepatwa na la pili anahitaji mafuta mapya, na akibadilisha pedi peke yake atakuwa ametupa fedha.

Aina nyingi za mafuta ya breki hunyonya maji. Unyevu hupenya kupitia hosi za mpira na kwenye kifuniko, mwaka hadi mwaka, na katika hewa ya pwani yetu kazi hiyo hailali. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika, ilhali mafuta hayakandamiziki. Ndiyo maana pedeli inazama. Angalizo moja dogo lenye uzito: DOT 5, isiyo na nukta moja mwishoni, ni mafuta ya silikoni, hayachanganywi na hayo mengine. Jina limewapoteza watu wengi dukani.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita niliteremka Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, nikiwa nyuma ya lori, gari limejaa watu na mizigo, gia ya nne, mguu juu ya breki kuanzia kona ya kwanza. Nilikuwa mwendo mdogo, kwa hiyo sikuona hatari. Lakini mlima una hesabu yake: gari la kilo 1,100 likishuka mita 100 kwenda chini linatoa kilojuli 1,080, karibu mara mbili ya kusimama kutoka kilomita 120, na kama injini haizuii, joto lote hilo linakwenda kwenye breki. Katikati ya mteremko pedeli ikazama. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, ikashika kidogo. Nikaingiza gia ya pili kwa nguvu, injini ikalia, gari likapungua. Tulipopumzika chini kwa nusu saa breki zilirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo hatari ilipo. Mvuke ukipoa hurudi kuwa majimaji, pedeli hukaa vizuri, na mwenye gari huondoka akiamini amepona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya bei ndogo kuliko zote: kutoa mafuta yote ya zamani na kutia mapya, DOT 4 nzuri au 5.1, kila mwaka kwa gari la barabarani, na kabla ya kila siku ya mbio kwa gari linalokwenda uwanjani. Nilimtazama fundi yule akiifanya. Mwanafunzi wake alikaa kwenye usukani. Yeye alilala chini, akavalisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo ya kalipa, upande wa pili akauchovya kwenye chupa. “Piga. Piga. Piga. Shikilia.” Akalegeza nipo kwa spana robo mzunguko. Mafuta meusi yakakimbia ndani ya mpira yakiwa na vipovu vidogo kama vya soda, kisha akakaza kabla mwanafunzi hajaachia. “Piga.” Walirudia hadi mpira ukawa na rangi ya asali nyepesi bila povu hata moja, halafu wakahamia gurudumu jingine. Kikopo cha juu kilijazwa kila baada ya zamu chache, maana kikikauka hewa inaingia na kazi yote inarudi mwanzo.

Baada ya mafuta ni pedi, na hapa ndipo matumizi mawili ya gari yanapoanza kugombana. Pedi ya kawaida hushika vizuri ikiwa baridi, haingurumi, hailambi diski, lakini nyingi huanza kulegea zikikaribia nyuzi 350. Pedi ya mbio kamili huvumilia nyuzi 600 na zaidi, lakini asubuhi ikiwa baridi haishiki ipasavyo. Fikiria mtoto anavuka barabara Sinza saa moja asubuhi, na pedi zako zinasubiri zipate moto kwanza. Pedi ya mbio kamili sitaifunga kwenye gari linalopeleka watoto shule, na ninamshauri kila mtu vivyo hivyo. Zipo pedi za kati, za barabarani zenye uvumilivu mkubwa zaidi, na kwa gari dogo jepesi zinatosha. Anayetaka zaidi abebe pedi za mbio kwenye buti na kuzibadilisha uwanjani. Kwenye kalipa nyingi za magari haya ni kazi ya boliti mbili kila upande.

Pedi mpya lazima zilainishwe kwenye diski. Tafuta barabara tupu, kimbia hadi 80, punguza hadi 20 bila kusimama kabisa, rudia mara nane au kumi, kisha endesha polepole zipoe. Utando mwembamba wa pedi unajipaka kwenye diski sawasawa, na utando huo ndio unaoshika. Ukisimama kabisa zikiwa za moto, utando unabaki mwingi mahali pamoja na usukani utaanza kutetemeka. Watu husema diski imepinda, kumbe mara nyingi imepakwa vibaya tu. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitoka uwanjani usivute handbreki. Mzunguko wa mwisho uende bila kugusa breki, ukiegesha tia gia na jiwe chini ya tairi.

Hosi nazo zisisahaulike. Mpira wa miaka 15 huvimba kidogo kila unapokanyaga, na uvimbe huo unauhisi mguuni kama ulaini. Hosi mpya za mpira zinaponya hilo. Zile zilizosukwa kwa waya wa chuma zinaongeza ugumu kidogo zaidi. Ninazipenda, ila zikaguliwe mara kwa mara zilipoungana, kwa kuwa mchanga ukiingia kwenye waya unausaga mpira wa ndani bila kuonekana.

Sasa diski kubwa na kalipa za rangi. Breki zako zikiwa tayari zinaweza kufunga magurudumu hadi tairi ziteleze, au hadi ABS ianze kugongagonga pedeli, basi diski kubwa haitapunguza hata nusu mita kwenye kusimama mara moja. Mwisho wa uwezo ni tairi. Inachokupa diski kubwa ni chuma zaidi cha kumeza joto, yaani kusimama mara ya kumi sawa na mara ya kwanza. Ukitoka milimita 255 hadi 275 unapata pia kama asilimia 8 ya nguvu zaidi kwa msukumo ule ule. Ni jambo jema kwa anayekimbia dakika 20 mfululizo. Kwa mbio za saa za dakika moja na nusu ni fedha iliyokaa bure.

Kalipa kubwa ina deni lake. Masta silinda ni ile ile. Pistoni zikiwa na eneo kubwa kwa asilimia 20, mafuta yanayohitajika nayo huongezeka kwa asilimia 20, na pedeli inasafiri mbali zaidi. Mbaya zaidi, uwiano wa mbele na nyuma unavurugika. Wahandisi waliugawa mshiko kwa makusudi ili magurudumu ya mbele yafunge kwanza. Ya mbele yakifunga, gari linaenda moja kwa moja na dereva bado ana la kufanya. Ya nyuma yakitangulia, gari linageuka mkia mbele, na kwa gari fupi kama Vitz mgeuko huo ni wa haraka mno kuudaka. Ndiyo maana nasikitika nikiona mtu anatoa dramu za nyuma na kufunga diski kubwa ili rimu zionekane zimejaa. Gari likifunga breki kwa nguvu, ekseli ya nyuma hubaki na uzito wa kama kilo 230 hivi. Kazi yake ni kama moja ya tano tu. Dramu nzima, yenye breki shu mpya na silinda isiyovuja, inaiweza.

Historia ya gari dogo inalithibitisha hili. Mini ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na dramu magurudumu yote, na magurudumu yenyewe ya inchi 10. Mtengenezaji wa magari ya mbio John Cooper alipoiongezea nguvu mwaka 1961, iliongezewa pia diski za mbele, ndogo za inchi 7 tu, kwa kuwa injini bila breki haikuwa gari. Cooper S ya 1963 ikapewa diski kubwa zaidi kidogo. Nyuma zilibaki dramu. Kwa mpango huo dereva Paddy Hopkirk alishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, juu ya theluji na milima, mbele ya magari makubwa kuliko lake.

Nije kwenye akiba ya pili, nafasi ya gurudumu kupanda. Mbele ya karibu kila gari dogo tunaloagiza Japani kuna mfumo wenye jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani: shokapu na springi vimesimama pamoja kama nguzo moja, chini mkono mmoja. Ni mfumo wa bei nafuu, mwepesi, unaoacha nafasi ya injini. Nyuma kuna boriti moja inayojipinda, mpango ulioenezwa na Volkswagen Golf ya mwaka 1974. Watu huidharau boriti hiyo, lakini kwa gari jepesi inafanya kazi nzuri.

Springi hupimwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 2 maana yake kila kilo 2 za ziada zinaishusha milimita moja. Vitz yetu ikifunga breki kwa nguvu, kama kilo 186 hutoka nyuma na kulalia mbele, kilo 93 kila upande. Kwa springi ya kilo 2 pua inazama milimita 46. Tuseme gurudumu lina nafasi ya milimita 80 ya kupanda kabla shokapu haijagota kwenye raba yake ya mwisho. Zimebaki 34 kwa ajili ya shimo au tuta. Inatosha.

Sasa kata koili moja na nusu katika sita. Gari linashuka, tuseme, milimita 45. Ni kweli springi iliyofupishwa inakuwa ngumu zaidi, wakataji hawakosei kusema hivyo. Kilo 2 inakuwa kama 2.7. Pua itazama milimita 35 badala ya 46. Lakini nafasi iliyobaki baada ya kushusha ni 80 kutoa 45, yaani 35. Funga breki kwenye lami laini kabisa na tayari umegota. Ukikuta shimo la sentimita mbili papo hapo, gurudumu halina pa kwenda. Bodi yote inarushwa juu, tairi inaacha barabara kwa muda mfupi, na tairi isiyogusa barabara haifungi breki wala haipindi. Dereva atasema breki ni mbovu, na ataanza kutafuta kalipa.

Kwenye kona hali ni ile ile. Upande wa nje ukigota mbele, mshiko wa mbele unaisha ghafla na gari linakwenda nje ya njia. Ukigota nyuma, mkia unatoka. Zaidi ya hayo, springi iliyokatwa haina tena ule mwisho ulioundwa kukaa kwenye kitako chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake.

Hoja ya kushusha gari kwa ajili ya mshiko nayo tuipime. Ukishusha milimita 30, uzito unaohamia mbele wakati wa breki unapungua kwa kama kilo 11 kati ya 186. Kumi na moja! Na kwa mfumo wa MacPherson, mkono wa chini ukishalala kupita usawa, kitovu ambacho gari hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko gari lenyewe, hivyo bodi inataka kulala zaidi kuliko mwanzo. Nashusha milimita 15 hadi 25 kwa gari la mbio na barabara, kwa springi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na sishushi hata moja kwa gari linalokwenda kijijini masika.

Afrika Mashariki tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1955 mshindi alikuwa Ford Zephyr, mojawapo ya magari ya mwanzo kabisa kubeba nguzo za MacPherson. Peugeot 504 iliyoshinda mwaka 1975 na tena 1978 ilikuwa ndugu wa gari tulilopanda kwenda safari za mbali, laini, ndefu miguu, magurudumu yakipanda na kushuka kama ya punda anayejua njia. Hata baada ya Safari kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari yanayokuja Naivasha huinuliwa juu. Nafasi ya gurudumu ndiyo mwendo kwenye barabara mbovu.

Anayetaka springi ngumu kwa haki, kwa mfano za kilo 4, pua itazama milimita 23 tu, na hapo anaweza kushuka kidogo bila kugota. Lakini springi ngumu ina deni kwa shokapu. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya tuta. Ile ya kiwandani ilipimwa kwa springi ya kilo 2, na ikipewa ya kilo 4 inashindwa kuishika inaporudi juu. Gari linarukaruka, na abiria hulaumu ugumu wa springi wakati kosa ni la shokapu dhaifu. Vinunuliwe pamoja, au kisinunuliwe hata kimoja. Na kwa gari lililofika bandarini likiwa na miaka minane au kumi, shokapu mpya za aina ile ile ya kiwandani, bushi mpya na boljointi zisizocheza zinaleta badiliko kubwa kuliko mtu anavyotarajia. Wengi wanaodhani wanahitaji kuboresha gari hawajawahi kuliendesha likiwa zima.

Zile shokapu za kuzungusha nati ili kupanga urefu zina faida uwanjani, hasa zenye kitako cha chini kinachozunguka, maana unapanga urefu bila kula nafasi. Vumbi letu linazila: hukaa kwenye nyuzi, linasaga sili, na baada ya masika mbili nati haizunguki tena. Mwenye nazo azivalishe soksi ya mpira na kuzisafisha kwa brashi.

Stabilaiza ya ziada kwenye boriti ya nyuma ni kifaa ninachokisifu kwa lami kavu. Ni ya bei ndogo, na inaondoa ile tabia ya gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele kukataa kupinda. Kwenye vumbi au lami iliyolowa mkia unakuwa mwepesi kutoka, kwa hiyo anayekimbia mbio za vumbi (autokrosi) asiifunge kabla hajalizoea gari.

Tairi nimeziacha hadi sasa ingawa ndizo za kwanza kwa cheo, kwa sababu hesabu zote za juu zinaishia kwenye viganja vinne vya mpira. Usinunue tairi la mtumba bila kusoma tarakimu nne pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira wa umri mkubwa hukauka hata kama kashata ni nene. Baki kwenye rimu ya inchi 15. Tairi la 185/60 lina ukuta wa milimita 111. La 205/40 kwenye rimu ya 17 lina 82, na milimita 29 zilizopotea zilikuwa sehemu ya akiba yako ya nafasi. Rimu kubwa mara nyingi huwa nzito pia, na uzito ulio chini ya springi shokapu huuchukia.

Mwisho wa yote ni alaimenti. Kemba, yaani mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele, kwa matumizi ya barabarani iwe nyuzi 1 hadi 1.5 juu ikiingia ndani. Wa uwanjani huenda hadi 2.5 au 3, na tairi zao za barabarani hulika upande wa ndani. Kwa Vitz boliti yenye tumbo kwenye shingo ya shokapu inatosha kuipata.

Msomaji wa Dubai au Muscat, mwenye uwanja wa lami kama Dubai Autodrome na barabara zisizo na mashimo, anaweza kuanza na mafuta na pedi, kisha tairi, kisha springi ngumu na hewa ya kupoza diski, maana huko joto linamkabili kutoka pande zote mbili, hewani na kwenye breki. Wa Dar au Nairobi aanze na mafuta, tairi, shokapu na bushi, aache urefu wa gari ulivyo.

Yule kijana alibaki hadi mchana. Mafuta yalipokwisha kubadilishwa alikanyaga pedeli mwenyewe, ikasimama juu, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akauliza tena habari ya springi. Fundi hakumkatalia. Alichukua futi, akapima kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, akaandika namba nne kwa chaki sakafuni. Tatu zilikuwa karibu sawa. Ya mbele kulia ilipungua milimita 12. Akapiga magoti, akaingiza tochi nyuma ya tairi na kumwita kijana aangalie: kitako cha springi kilikuwa kimepasuka, na shokapu ilikuwa imelia mafuta hadi kwenye rimu.